Uyole hadi Kyela: Asubuhi baridi, mchana joto, pikipiki ni ileile

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi Juni, Uyole bado ni giza na baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Nje ya nyumba moja ya kupanga, kijana wa miaka 24 anafunga maboksi mawili ya vifaranga kwenye keria ya Boxer yake. Ameyafunika kwa kipande cha blanketi, akaacha matundu ya pembeni yapitishe hewa. Yeye mwenyewe amevaa fulana na jaketi la mtumba ambalo zipu yake ilikufa siku nyingi.

"Vifaranga umewafunika, wewe je?" anauliza mama yake, akiwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Nitapata joto njiani, mama."

"Njiani wapi, Isyonje? Hebu shika hizi, baba."

Ni glavu za ngozi, za mtumba pia, moja imeshonwa upya kwenye dole gumba. Mama alizinunua baada ya habari iliyofika kijiweni wiki iliyotangulia: mwenzake mwanawe, akishuka alfajiri na mikono mitupu, aligonga nyuma ya Fuso la viazi lililosimama ghafla. Alikuwa ameliona. Alichosimulia baadaye ni kwamba vidole vilikufa ganzi, breki ya mkono ikachelewa kukamatwa. Alivunjika mfupa wa bega. Helmeti yake, iliyokuwa imefungwa mkanda, ilipasuka badala ya kichwa.

Barabara ya Uyole kwenda Kyela ina zaidi ya kilomita 100, na wanaoijua husema ukiianza umevaa vibaya utaimaliza umeumwa. Uyole yenyewe iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inapanda, inapita Igawilo, inaingia kwenye ukungu wa Isyonje, ndipo inaanza kuteremka kupitia Ntokela, Kiwira na Tukuyu hadi tambarare za mpunga za Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni mita 500 hivi tu. Mpanda pikipiki anapita baridi, mvua na joto kabla ya chakula cha mchana.

Baridi ya kwenye pikipiki si ile ya kusimama uani. Hewa ikiwa nyuzi 10 na pikipiki inakwenda kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kama ambavyo ingepoa kwenye nyuzi 5 hivi. Mwili hujitetea kwa kupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Ndiyo maana vidole hufa ganzi kwanza, na vidole ndivyo vinavyoshika klachi na breki.

Vijana wa Uyole wana dawa yao ya zamani: gazeti au kipande cha boksi kifuani, chini ya jaketi. Watu huwacheka, lakini kinasaidia, maana kinachotakiwa ni kitu cha kuzuia upepo, na sweta la sufu peke yake upepo hulipita. Nguo za tabaka zinafaa zaidi: fulana, sweta, kisha juu jaketi lisilopitisha upepo, lenye zipu nzima. Wazazi wengi huamini upepo wa kifuani ndio unaoleta nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, na kijana mwenye homa, kikohozi na kupumua kwa shida apelekwe hospitali, si kusuguliwa kifua na kusubiri. Lakini hofu ya mama kuhusu baridi ina msingi wake, hata kama sababu ni nyingine.

Isyonje kijana anasimama. Anakunja na kukunjua vidole, anawachungulia vifaranga, kisha anainama kuangalia pikipiki, kwa sababu mbele ni mteremko mrefu.

Hapa ndipo penye tabia inayowaudhi mafundi wote wa njia hii. Baadhi ya vijana wakifika mteremkoni huzima injini, wakaweka fri, wakaserereka ili kubana mafuta. Injini ikiwa kwenye gia nayo huzuia pikipiki isikimbie. Ukiiondoa, mzigo wote unabaki kwa breki, na breki zinazobanwa mfululizo hupata moto na kuanza kulegea. Akiba ya mafuta ya siku hiyo haitoshi hata kununua plasta ya mvunjiko. Gia ndogo, mwendo mdogo, breki kwa vipindi: hivyo ndivyo wanavyoshuka waliozeekea kwenye kazi hii.

Kutoka Kiwira hadi Tukuyu ni migomba, chai, parachichi na mvua. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote nchini, na hata mwezi ambao kwingine ni kiangazi, manyunyu ya Tukuyu hayaombi ruhusa. Koti la mvua linalofaa ni la vipande viwili, suruali na koti, lenye rangi inayoonekana kwenye ukungu. Lile refu la kuning'inia huingia kwenye cheni au gurudumu. Suruali ya mvua ipite nje ya buti. Ikichomekwa ndani, maji yote yanamiminika mguuni. Mifuko ya rambo iliyofungwa juu ya viatu inateleza kwenye pedali ya breki. Na abiria anayefungua mwavuli nyuma ya dereva anapaswa kushushwa, hata akiwa shangazi.

Dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa maji hukutana na vumbi na oili zilizo juu ya lami kabla hayajazisafisha. Kijana wetu huegesha kwanza chini ya kibaraza cha duka, akanywa chai. Wenzake humwita mzee.

Mvua ina madhara ambayo hayaonekani siku hiyo. Maji na mchanga huondoa mafuta kwenye cheni, cheni inakauka, inalika, inalegea. Cheni iliyolegea sana inaweza kuruka kutoka kwenye meno yake na kukwama, gurudumu la nyuma likagoma ghafla. Kuipima hakuhitaji fundi: injini ikiwa imezimwa, isukume kwa kidole katikati, juu na chini. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, icheze sentimita mbili hadi tatu. Isikazwe kama waya wa simu pia, maana inakatika. Wengi huipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ni bure, ndiyo, lakini ina vipande vidogo vya chuma na masizi, nayo husaga cheni polepole. Oili safi ya gia, kidogo tu, baada ya kuisafisha kwa brashi, hudumu zaidi.

Vingine havichukui muda. Oili ya injini huangaliwa pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, na hubadilishwa kwa kufuata kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu chake, si kusubiri igeuke lami. Tairi ikiwa kipara isipelekwe Tukuyu. Taa, indiketa, honi: dakika moja.

Chini ya Ushirika joto linapanda, na kufika Kyela jasho linatiririka. Hapa ndipo vijana huvua kila kitu. Jaketi linafungwa kiunoni, buti zinabadilishwa kwa kandambili, helmeti inatundikwa kwenye kioo. Lami ya Kyela inachuna ngozi sawasawa na ya Isyonje. Cha kuvua ni sweta. Juu ibaki shati nene la mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole, na maji ya kunywa yawe karibu, kwani mtu aliyekaukiwa huanza kuumwa kichwa na kuchelewa kuamua.

Kuna alama wanayoifahamu wauguzi wengi: kovu la mviringo kwenye ndama ya mguu wa kulia, mara nyingi la abiria mwanamke au mtoto aliyepandia upande wa eksozi. Mtoto afundishwe kupanda na kushukia kushoto. Akiungua, amwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20, si dawa ya meno, si yai, si unga. Kuhusu mtoto wa shule, kanuni za usafirishaji zinakataza kumbeba wa chini ya miaka 9 kwa pikipiki ya biashara, jambo ambalo kila asubuhi linavunjwa mbele ya macho ya wazazi walioyalipia mafuta hayo.

Helmeti haina majira. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Iliyofungwa, lakini, isiyo na mkanda hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe. Ikishagongwa sana hata mara moja, inunuliwe nyingine.

Saa kumi na mbili jioni simu ya mama inaita. "Nimefika Kiwira, mama. Kuna mvua. Nalala kwa mjomba."

"Lala. Glavu?"

"Ninazo mkononi."

Kesho yake anarudi saa nne asubuhi na mkungu wa ndizi kwenye keria. Mama anaupokea, anauweka chini, kisha anainama pembeni ya pikipiki na kusukuma cheni kwa kidole.

"Imelegea hii," anasema.

"Najua, mama. Acha ninywe chai kwanza."

"Chai ipo. Spana iko wapi?"