Kufunga Kitabu: Kumbukumbu za Mwalimu Aliyesoma Akiwa Kazini, Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kwa mtumishi wa umma nchini Tanzania umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na ni kufikia umri huo kulikomfanya mwalimu mwenye kumbukumbu hizi aandike jambo ambalo wengi wa rika lake wanaondoka nalo kazini bila kuliweka katika maandishi, yaani namna mtu mzima mwenye familia, shamba na darasa la kufundisha alivyoweza kurudi masomoni na kupanda kutoka cheti cha darasa la saba hadi shahada bila kuacha chaki.

Alizaliwa Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, katika kaya iliyoishi kwa muhogo na usipa, ambao ni dagaa wa ziwa hilo, akamaliza elimu ya msingi wakati nchi ikitekeleza Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto ifikapo 1977. Kwa kuwa vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi kiasi hicho, serikali iliwateua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa madarasa ya kufundisha huku wakijifunza ualimu palepale kwa vitabu, kwa redio na kwa msaada wa wakufunzi waliowatembelea. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupisho cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, na ingawa jina hilo baadaye lilitumiwa kama kejeli, ukweli unabaki kwamba shule nyingi za vijijini zisingefunguliwa bila wao.

Njia ya kujiendeleza ilikuwa ndefu, kwani mwalimu huyo alisoma masomo ya sekondari kwa njia ya posta, utaratibu ulioendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani mtu asiyesajiliwa katika shule yoyote, akapandishwa hadi daraja la IIIA, na hatimaye akajiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ili kufundisha watu wakiwa makwao na makazini, na ambacho kina kituo chake cha mkoa wa Ruvuma mjini Songea. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66, ilikuwa bado haijawekwa lami, na wakati wa masika safari ya kupanda milima ya Umatengo kwenda kufanya mtihani ilianza siku kadhaa kabla ya mtihani wenyewe. Alikuwapo pia ofisa mmoja, ambaye hana haja ya kutajwa, aliyemnyima ruhusa kwa hoja kwamba mwalimu aliyeanza na cheti cha darasa la saba anayetafuta shahada anatafuta mlango wa kuwakimbia watoto. Jibu la hoja hiyo ni kwamba mwalimu huyo alistaafu akiwa bado anafundisha shule ya msingi.

Hata hivyo, jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu zaidi ni mbinu aliyorithi kwa mkufunzi wa zamani wa walimu wa UPE, mzee mpole aliyeishi Mbinga baada ya kustaafu na kuwaongoza, katika kikundi, walimu waliokuwa wakisoma. Mzee huyo aliiita mbinu yake kufunga kitabu: msomaji husoma sehemu fupi, hufunga kitabu, huandika kwa Kiswahili alichokielewa, huongeza mfano mmoja kutoka darasani kwake, ndipo hufungua kitabu na kujisahihisha, na mwisho huandika jibu kwa Kiingereza, lugha ya mitihani ya chuo. Mmoja wa wanakikundi, ambaye baadaye alipata wadhifa mkubwa, aliipinga akisema kwamba inamlazimu mtu mwenye taa ya chemli na mafuta machache kufanya kazi ileile mara mbili, na kwamba anayetaka kufaulu kwa Kiingereza afikiri kwa Kiingereza tangu mwanzo.

Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu muda wa mtu mzima ni haba kweli, lakini inasahau kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayesoma usiku kwa Kiingereza atafundisha kesho asubuhi kwa Kiswahili, hivyo elimu isiyopita katika Kiswahili haifiki darasani kamwe. Mfano ni nadharia ya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeeleza kwamba watoto wadogo, kwa kawaida kabla ya miaka saba hivi, hudhani kiasi cha kitu hubadilika umbo lake linapobadilika. Wanakikundi waliokariri hatua za ukuaji wa fikra alizozieleza Piaget walizitaja zote kwa ufasaha, ila mwalimu aliyefunga kitabu alichukua vikombe viwili sawa vya usipa mkavu, akamwaga kimoja kiwe fungu la kwenda juu na kingine akakitandaza mkekani, kisha akawauliza watoto wa darasa la kwanza ni wapi penye usipa mwingi. Wengi walionyesha mkekani, lakini mtoto mmoja aliyezoea kumsaidia mama yake kuuza ufukweni alijibu kwamba ni sawa, kwa kuwa vikombe ni vilevile. Kutokana na jibu hilo mwalimu alijifunza namna ya kutumia nadharia na pia mahali pa kuihoji, kwani uzoefu wa mtoto nao hufundisha, na somo la hesabu linapaswa kuanzia kwenye uzoefu huo.

Uhusiano huo wa uzoefu na masomo unafanana na kilimo cha Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, ambao hulima milima yao kwa ngoro, mtindo ambao majani yaliyofyekwa hupangwa kwa miraba na kufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati, hivyo mashimo yakazuia maji ya mvua yasiteremke na udongo, na majani yakaoza na kurutubisha tuta. Kazi ya mtu mzima ndiyo majani hayo, na masomo ndiyo udongo unaoyafunika. Anayesoma kana kwamba hajawahi kufanya kazi analima mteremko mtupu.

Kwa hiyo vijana walimu wa leo, wenye simu zinazoleta kitabu kizima kwa dakika moja, wanapaswa kuambiwa bila kuficha kwamba kunakili majibu ya mwenzako katika kundi la simu, au kumlipa mtu akuandikie utafiti, ni kununua daraja la mshahara na kuwaibia watoto mwalimu. Kupanda daraja ni haki, na mwalimu huyu hakuwahi kuikataa nyongeza yake, lakini shahada ya mwalimu aliye kazini hupimwa kwa swali moja ambalo mkuu wa shule yeyote anaweza kuuliza siku ya Jumatatu: je, kuna kitu alichokisoma juma lililopita kilichobadilisha somo lake la leo? Anayeweza kulijibu kwa mfano wa darasani amesoma, na asiyeweza afunge kitabu, aandike upya kwa Kiswahili chake, kisha aingie darasani akajaribu.