Kioo Laini, Kioo Kigumu

Watu wanaoleta saa kwenye meza yangu sokoni Koboko huanza na kioo. Saa inaweza kuwa inachelewa dakika 20 kwa siku, mkanda umekatika, lakini neno la kwanza ni lile lile: "Fundi, ona, kioo imekwaruzika." Siwalaumu, kioo ndicho mtu anachokitazama. Swali la pili hufuata hapo hapo: nirudishe cha plastiki, ao niweke kile kigumu, kile wanaita safaya?

Safaya kwa Kiswahili ni yakuti. Nimejibu swali hilo kwa wengine miaka mingi. Mwaka huu limeingia nyumbani kwangu mwenyewe, ndiyo sababu naandika.

Mimi ni Mkongomani, mkaaji wa Lobule tangu 2013. Kazi ya saa nilifundishwa na baba, naye baba alifundishwa na mtu wa Koboko. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, watu wengi wa West Nile walivuka mpaka wakakimbilia Kongo na Sudan. Mmoja wao alikaa kwenye boma letu upande wa Aru karibu miaka mitatu. Alikuja na kibanio, bisibisi tatu ndogo, na saa ya ufunguo mkononi. Siku ya kurudi kwao alimwachia baba ile saa. Alisema ni kodi ya nyumba. Baba akasema hajamdai mtu kodi. Wakabishana mpaka jua likapanda, saa ikabaki. Sisi tulipovuka kuja upande huu, saa ilivuka nasi. Yaani ilirudi kwao.

Kioo chake ni plastiki. Jina lake ni akriliki, ile ile ambayo tangu miaka ya 1930 Wajerumani waliiuza kwa jina la Plexiglas na Waingereza kwa jina la Perspex. Ni laini. Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, alitunga mwaka 1812 kipimo cha ugumu wa mawe, kuanzia 1 mpaka 10. Almasi ni 10. Yakuti ni 9. Kwartzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ni 7. Kioo cha dirisha kiko kati ya 5 na 6. Akriliki ni karibu 3 tu, imeupita ukucha wako kidogo. Sheria ni moja: kigumu kinakwaruza laini. Sasa fikiria vumbi letu la Januari, lile jekundu linaloingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa. Ndani yake kuna punje za kwartzi. Ukifuta saa ya plastiki kwa shati lenye vumbi, umeipiga msasa. Yakuti haijali. Utaifuta miaka 20 na bado itang'aa.

Hapo mtu husema: basi, jibu limepatikana. Ngoja kwanza.

Ugumu ni kitu kimoja, uimara ni kitu kingine. Muhogo mkavu ukucha hauuingii, lakini ukiupiga kwenye jiwe unavunjika kwa mlio. Yakuti nayo ndivyo. Ikipata pigo baya kwenye saruji inapasuka, na vipande vyake vinaingia chini ya mishale, vinachora uso wa saa, vinasimamisha mashine. Niliwahi kuletewa saa ya mfanyakazi wa shirika moja, iliyoanguka sakafuni akiwa anaoga. Siku mbili nilikuwa natoa unga wa kioo kwa brashi. Kioo kipya hakikupatikana Koboko, Arua hakikupatikana, kikaja kutoka Kampala baada ya wiki tano. Bei yake ingenunua mbuzi.

Akriliki ikipigwa hujikunja kidogo na kurudi. Ikizidiwa inapata ufa, lakini ni mara chache kutawanyika. Ndiyo maana saa za Omega Speedmaster, ambazo wanaanga wa Marekani walienda nazo Mwezini Julai 1969, zilikuwa na kioo cha akriliki. Ndani ya chombo kile hakuna uzito, vipande vya kioo vingeelea hewani mpaka viingie machoni na mapafuni mwa watu. Wale walikuwa na uwezo wa kununua kioo chochote.

Na jambo lingine, ambalo mama yangu hunikatalia mpaka leo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, aliwaona marubani ambao vipande vya dirisha la ndege viliwaingia machoni. Dirisha lilikuwa la akriliki, na vile vipande vilikaa jichoni bila kuleta uvimbe. Mwaka 1949, huko London, akaweka lenzi ya akriliki kwenye jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Lenzi za namna hiyo zimerudishia watu wengi macho, na mama ni mmoja wa waliowekewa lenzi. Nikimwambia mambo haya anasema, "Weye na saa zako, acha jicho langu."

Faida kubwa ya plastiki, kwangu mimi, ni kwamba unaitengeneza mwenyewe. Nitawaambia namna ya kufanya, maana hakuna sababu ya kumlipa fundi kwa mkwaruzo mdogo. Bandika utepe kuzunguka chuma cha saa ili usikichafue. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, kiasi cha punje ya harage, weka kwenye kitambaa safi cha pamba. Sugua kwa mduara dakika tano, futa, angalia, rudia. Kama mkwaruzo unausikia kwa ukucha, anza na msasa laini kabisa, namba 2000, ukiwa umelowa maji. Kioo kitaingia ukungu. Usiogope, dawa ya meno itauondoa. Ufa hauondoki, huo ni wa kubadilisha kioo. Na tafadhali, usisafishe plastiki kwa petroli wala spiriti, wala ile dawa ya kunawia mikono. Mwaka 2020, wakati wa Korona, nililetewa saa nyingi ambazo kioo kilijaa nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Wenyewe wanasema hazikuanguka, na kweli hazikuanguka. Ni spiriti.

Ndugu zetu wa mashirika watanielewa nikisema kwamba hapa kambini tunapewa vitu vigumu vingi. Nimeona taa za sola zilizofungwa bila hata skurubu moja. Zinadumu kweli, mpaka siku zinapokufa, na siku hiyo hakuna mahali pa kuingiza bisibisi. Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja kwa wateja wote: chukua plastiki.

Sasa nieleze yaliyonipata.

Binti yangu ameanza shule ya uuguzi Arua. Kwenye orodha ya vitu vya kwenda navyo, baada ya ndoo na shuka, kuna saa yenye mshale wa sekunde. Muuguzi anahesabu mapigo ya mgonjwa kwa ule mshale, dakika nzima, ao nusu dakika halafu anazidisha mara mbili. Simu haifai: inazimika chaji, na mikono ina maji. Mimi moyoni nilishaamua. Saa ya babu yake ilikuwa tayari, nimeiosha, nimeitia mafuta, kioo nimekisugua mpaka kimekuwa kama tone la maji.

Mdogo wangu aliyepata nafasi ya kwenda Kanada akapiga simu. "Yaya, ile saa ya papa uiache ipumzike. Niko natuma pesa. Umununulie mutoto saa ya safaya. Asionekane mutoto wa kambi."

Alituma shilingi 350,000. Tangu 2023 mgawo wa chakula ulipopangwa kwa makundi, nyumba yetu iko katika kundi lisilopata kitu, maana nina kazi. Pesa hizo kwetu ni mahindi ya miezi. Lakini zilitumwa kwa saa, na pesa ya mtu hubeba neno lake. Lile neno la mutoto wa kambi ndilo lililonikaa kooni. Nikamwita binti, nikaweka saa ya babu yake mezani, nikamweleza yote niliyoandika hapa juu. Mohs, Mwezini, muhogo mkavu.

Alisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Papa, weye mwenyewe unasema spiriti inaua plastiki. Mimi nitapaka spiriti mikononi mara ngapi kwa siku?"

Nikanyamaza.

"Na saa ya muuguzi ni ya kuhesabu mapigo, siyo ya kupokea mapigo. Mimi sipangi kukimbia tena."

Hapo nilikuwa na jibu lakini sikulitoa. Nani alipanga? Yule mzee wa Koboko hakupanga, baba hakupanga. Ukisimama Salia Musala, pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, unaona nchi tatu, na kila moja imewahi kuwapokea watu wa mwenzake. Kwetu sisi plastiki ni busara ya mtu anayejua ataanguka. Kuchagua yakuti ni kuamini kwamba utakaa mahali pamoja, na kwamba kioo kikivunjika utakuwa na anwani ya kukipokelea kingine. Nilikuwa nataka kumpa mtoto saa. Kumbe nilikuwa nampa pia ile hofu yangu.

Usiku ule nilifungua mgongo wa saa ya baba, si kwa kazi, kwa kuangalia tu. Mashine yake ina mawe 17. Ni yale mawe madogo mekundu ambamo ncha za magurudumu zinazunguka. Mawe hayo ni rubi, na rubi na yakuti ni jiwe moja, oksidi ya alumini. Zinatofautiana rangi tu. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kulitengeneza kwa kuyeyusha unga ndani ya mwali wa moto, na kwa njia hiyo hata saa ya mtu wa kawaida iliweza kupata mawe. Kwenye saa kama hii gurudumu la mizani linapiga mara 5 kila sekunde, usiku na mchana. Chuma kwa chuma vingekuwa vimeshalika zamani. Nimekuwa nikiyatia mafuta mawe hayo tangu ujana wangu, na sikuwahi kuyaweka kwenye hesabu moja na kioo. Aliyeitengeneza saa ile alikuwa na yakuti. Aliiweka panaposuguana, akaweka plastiki panapogongwa.

Mkono wa muuguzi unasuguliwa: maji, sabuni, spiriti, maji tena. Mkono wa mtu wa jembe na boda unagongwa. Hilo ndilo swali ambalo nilipaswa kumuuliza kila mteja, na sasa ndilo ninalouliza kwanza: huu mkono unafanya kazi gani?

Tulipanda gari kwenda Arua, mimi na yeye. Barabara siku hizi ni lami, si kama zamani. Nitawapa na hili, litawasaidia. Saa nyingi zinaandikwa safaya na hazina safaya. Weka kioo kwenye shavu: yakuti ina baridi kuliko kioo cha kawaida, kwa sababu inanyonya joto haraka, na plastiki haina baridi kabisa. Kisha dondosha tone dogo la maji. Kwenye yakuti safi tone hubaki limejikusanya, kwenye kioo cha kawaida hutambaa. Hivyo ni vipimo vya mezani, havitoshi kumpeleka mtu mahakamani, lakini ukivifanya vyote viwili hutadanganywa kirahisi. Siku ile tulipima saa sita zilizoandikwa hivyo. Moja ndiyo ilikuwa kweli. Tuliinunua 280,000. Zilizobaki, mdogo wangu alikubali, ziligeuka mahindi.

Nilimpa masharti mawili. Asiiweke kamwe kwenye ukingo wa sinki la saruji. Na namba iliyo mgongoni mwa saa aiandike kwenye daftari, ili siku kioo kikivunjika mtu wa Kampala ajue atume kipi. Akasema, "Ndiyo, papa," kwa sauti ile ya watoto ambao wameshaanza kufikiria jambo lingine.

Jioni tukampigia baba mdogo wake kumshukuru. Binti akaisogeza saa karibu na simu ili aione. "Aksanti sana, baba mudogo. Ni nzuri. Lakini mimi ni mutoto wa kambi, na kule shuleni wote wanajua."

Simu ikawa kimya kidogo, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akacheka, akauliza kwenu huko sasa ni saa ngapi. Tukamjibu wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akitazama saa yake. Yangu ilikuwa nyuma dakika mbili.