Kusubiri Ardhi Ilainike

Kule tulikozaliwa, chini ya Mlima Kilimanjaro, uwanja mzuri ni uwanja uliofagiwa. Mgeni akifika asubuhi anakuta mistari ya ufagio bado inaonekana kwenye udongo. Majani yakisogea mlangoni watu huuliza kama nyumba ile ina wenyewe, na nyoka hapigi hodi. Majani ni ya ng'ombe: hukatwa, hufungwa mzigo, hubebwa kichwani. Ndiyo maana sisi Wakristo wa Kiswahili hapa Minnesota tulichukua miaka kuelewa kwa nini jirani hutunza majani yasiyoliwa na mnyama yeyote, huyakata, kisha huyaacha pale pale.

Tulilazimika kuelewa majira ya kuchipua yaliyopita. Mzee mmoja wa usharika wetu alifariki mwezi wa Januari. Familia iliamua azikwe huku huku, kwenye makaburi madogo ya kanisa nje ya mji, kwa sababu gharama ya kusafirisha mwili ilizidi uwezo wao na wetu. Lakini Januari ardhi ya Minnesota imeganda kama jiwe, mara nyingi kwa kina cha mita moja na zaidi. Makaburi makubwa ya mjini hupasha udongo moto, kisha huchimba kwa mashine. Yale madogo, mengi yake husubiri. Jeneza huhifadhiwa hadi barafu iyeyuke ardhini. Basi tukaendesha ibada ya maziko bila kuzika, na udongo hatukuutupa.

Msomaji wa nyumbani ataupima mwenyewe uzito wa jambo hili. Matanga hayaanuliwi mtu hajazikwa. Mjane alikaa miezi mitatu na zaidi asijue yuko upande gani wa msiba. Kina mama walipokwenda kumfariji aliwauliza, "Mnaniambia amepumzika, mbona bado hajalazwa?" Tumesoma chuo cha theolojia, na sasa tunafundisha wengine huko. Swali hilo hatukulikuta katika mtihani wowote. Kwaresima ikapita katikati ya kusubiri huko. Waingereza waliipa Kwaresima jina lililotokana na neno lao la kale la majira ya kuchipua. Sisi tulilipokea letu kutoka kwa Wareno, nalo linahesabu siku arobaini tu. Mwaka ule hesabu haikutusaidia sana.

Theluji ilipoondoka, mama yule alitoa ombi moja. Uwanja wa mbele aliutunza marehemu kwa mkono wake. Watu wakija kwa maziko wasiukute umeachwa.

Tulikwenda Jumamosi, vijana na wazee wa kanisa, na reki za kuazima. Jirani wake, mkulima mstaafu, alitoka akatuzuia getini. Akaokota udongo kiganjani, akaufinya, ukabaki bonge. "Bado," akasema. Ukikanyaga ardhi iliyolowa hivyo unaishindilia, na mizizi inakosa hewa. Tukarudi baada ya juma moja, bonge likavunjika vidoleni, tukaruhusiwa.

Palikuwa na mabaka ya mviringo, rangi ya majivu: kuvu linalokua chini ya theluji. Kumbe si ugonjwa wa kuogofya. Unapitisha reki taratibu majani yainuke, upepo unafanya kazi iliyobaki. Palikuwa na vijia vya panya waliokula nyasi gizani majira yote ya baridi. Kando ya njia ya gari nyasi zilikufa kabisa, zimeuawa na chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu. Pale tulimwaga maji mengi kuiosha, kisha tukapanda mbegu. Mzee alituonya tusinyunyize dawa ya kuzuia magugu mahali penye mbegu, kwa kuwa dawa haichagui. Huzuia na nyasi unazozitaka. Mbolea yenye fosforasi nayo sheria ya jimbo imeibana tangu 2005, kwa sababu mvua huipeleka ziwani ikalisha mwani. Luther, anapoeleza mkate wa kila siku, huhesabu pia majirani wema. Tulimwelewa vizuri zaidi siku ile.

Mzee wetu mmoja wa kanisa alishauri tulime pote tupande mchicha. Kusema kweli tulikuwa upande wake. Lakini uwanja haukuwa wetu, na mama alisema hapana.

Wakati wa chai tulianza kusema jinsi nyasi zinavyoonekana zimefia chini ya theluji kumbe mizizi iko hai. Mahubiri yalikuwa yanajiandika yenyewe. Mama akatukatiza kwa upole: "Mchungaji, mume wangu si majani. Majani haya yangekuja hata bila Yesu." Tukanyamaza. Alikuwa na haki, na theolojia yake ilikuwa safi kuliko yetu: nyasi zilikuwa zimelala tu, naye mumewe alikuwa amekufa, na tumaini letu kwa wafu halitoki ardhini.

Mtunza makaburi alipiga simu mwezi wa Mei. Tulizika siku ya Ijumaa, kila mmoja akatupa udongo wake, nao ulikuwa laini, mweusi, wenye minyoo. Mjane alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Januari, na kina mama wakamwacha alie. Jumapili tukaanua matanga uwanjani kwake, viti vimepangwa juu ya nyasi, na kando ya njia ya gari tulikuwa tumefunga kamba ili watoto wasikanyage mbegu.