Vitabu Vilivyonisaidia Kumjibu Mjomba

Likizo ya Agosti ilinitunuku swali gumu kuliko hisabati. Jioni moja tulikuwa tumeketi uani kwetu hapa Ukunda, mjomba akaja na habari kwamba kuna mtu anataka kulinunua shamba la bibi, lile la minazi. Bei aliyoitaja ilitunyamazisha sote. Kisha akanigeukia: "Haya, wewe msomi, wasemaje? Tuuze, tusiuze?"

Nikabaki kinywa wazi. Miaka yote hiyo darasani, na jibu sina!

Wengi wetu twadhani falsafa ni mambo ya Wayunani na maprofesa. Lakini falsafa ni nini kama si swali la mjomba: mtu aishi vipi, na kilicho bora ni kipi? Basi nikaingia maktaba. Nawapendekezea riwaya nne, mzisome kwa mpango huu.

Anzeni na Utubora Mkulima (1968) ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, hapo tu ukishavuka mpaka wa Lunga Lunga. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini, anakwenda kijijini Busutamu kulima. Lugha yake ni tamu na kitabu si kirefu. Nilisoma kama naambiwa habari za minazi ya bibi. Ila nilimbishia mwandishi kidogo: je, Utubora angekuwa na karo za wadogo zake za kulipa, angesemaje?

Cha pili ni Kichwamaji (1974) cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anarudi kwao na kujiona hafai huko wala huku. Anawaza hadi hakuna tena kinachomshika. Mwisho wake ni mchungu, wala mie sikubaliani naye. Lakini usiku niliokimaliza sikulala, maana nilijiona mlemle. Shamba lililonilea sikujua hata lina minazi mingapi! Kulipokucha nikaenda kuihesabu. Ni 43.

Cha tatu ni Walenisi (1995) ya marehemu Katama Mkangi, Mpwani mwenzetu wa Kilifi, ambaye mwaka 1986 aliwekwa kizuizini kwa ajili ya msimamo wake. Shujaa wake anaitwa Dzombo, jina tunalolijua hapa Kwale kwa kile kilima chetu. Anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa, naye anajikuta katika nchi ya Walenisi, ambako watu ni sawa. Likate jina hilo: wale-ni-sisi. Hapo nilifunga kitabu nikafikiri. Wale waliouza mashamba yao kule Diani zamani, wakamaliza pesa wakarudi kupanga vyumba, sisi tuliwacheka. Kumbe wale ni sisi!

Cha mwisho ni Nagona (1990), cha Kezilahabi vilevile. Ni kijitabu chembamba, lakini usidanganyike. Hadithi yenyewe haiendi moja kwa moja, ni kama ndoto ya mtu anayeitafuta kweli. Nimekisoma mara mbili, na sidai kuwa nimekielewa. Usikianze hicho, utavikimbia vyote. Kisome na mwenzako, mbishane.

Je, nilimjibu mjomba? Nilimjibu. Nilisema, "Mjomba, kwa maoni yangu tusiuze mwaka huu. Kwanza tuhesabu shamba linatupa nini: nazi, makuti, kivuli, na makaburi ya wazee. Halafu tumuulize bibi, maana shamba ni lake na hakuna aliyemuuliza." Bibi, aliyekuwa kimya jioni zote, akacheka hadi akafuta machozi. Mjomba akaguna: "Na hivyo vitabu vitakulisha?"

Ndugu zangu, vitabu havikunipa jibu. Vilinipa namna ya kuuliza, nikaona ni nani hajaulizwa. Neno lenyewe bado halijaisha, wazee watakaa tena. Ila mjomba alipoondoka alikichukua Utubora Mkulima, ati "akitazame tu". Sasa ni wiki ya tatu hajakirudisha, na mkutubi ananidai mimi.