Kutoka Ngumbaru hadi QT

Bibi wa muuza vitenge mmoja wa Mbagala alisoma ngumbaru, na hakuona haya. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kule Rufiji kina mama walitoka shamba, wakaoga, wakaenda kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Nani amcheke nani, na kijiji kizima kimo darasani? Watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1986 hawakufika 10.

Mjukuu alikuta dunia nyingine. Mwaka 1998, akiwa kidato cha pili, alipata ujauzito, na kwa msichana wa wakati ule habari iliishia hapo. Miaka 20 baadaye, akiwa na watoto watatu na meza ya vitenge Mbagala, akaamua kumaliza kidato cha nne. Alikwenda kwa kujificha. Wateja wakiuliza mbona anafunga mapema, aliwajibu kwamba anawahi kikoba.

Njia yake ilikuwa QT, mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani, ambao mtahiniwa wa kujitegemea asiye na kidato cha pili hana budi kuufaulu kwanza. Kituo kilikuwa vyumba viwili vya kupanga, na masomo ya miaka minne yalibanwa ndani ya miwili. Historia na Uraia alizimudu. Mtu aliyelipa ushuru wa soko miaka yote hiyo hafundishwi serikali ni nini. Hesabu ndizo zilizomtoa jasho. Binti yake wa pili, naye kidato cha pili wakati huo, akageuka mwalimu wa usiku.

“Mama, hiyo x ukiivusha, alama inabadilika.”

“Jana ulisema hivyo hivyo, mwanangu. Nani kaibadilisha?”

Wote wawili walisoma mada zilezile. Binti hakulipa ada, maana serikali iliifuta katika sekondari zake mwaka 2016. Mama alilipa kituo kila mwezi, akalipia na mtihani. Cheti cha kidato cha nne alikipata, na Hesabu akapata D, ambayo anaitaja kwa majigambo zaidi kuliko B ya Kiswahili.

Novemba 2021 serikali iliwafungulia milango waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, warudi katika shule za kawaida. Ilikuwa hatua kubwa, tena iliyochelewa. Lakini ruhusa hiyo ina kikomo cha miaka miwili tangu kuacha shule. Aliyeacha mwaka 1998 haimhusu. Huyo bado anajilipia.