Franka 450 za mama muuza samaki

Leo naomba niongee juu ya kompyuta. Najua wengi wenu mtasema hayo ni mambo ya vijana wa Bunia. Lakini kompyuta imeshaingia kwenye sanduku letu la akiba, na hapa Iga Barrière imekaribia kuvunja kikundi.

Kikundi chenyewe kina wamama 28 na kinafanya kazi kama AVEC zote: kila wiki mama ananunua hisa moja mpaka tano, sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wamama watatu, na mwisho wa mzunguko pesa zinagawanywa. Njia hii ilianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE. Wengi wao hawakujua kusoma, basi walishika hesabu kichwani. Sisi tuna kitabu cha mihuri, na sasa juu ya kitabu tumeweka kompyuta.

Hisa ya kikundi hicho ni franka 2.500. Wiki mbili kabla ya kugawa, orodha ilitolewa. Mama mmoja mjane, anayeuza samaki za Tchomia, alinunua hisa tano kila wiki kwa wiki 36 bila kuruka hata moja. Orodha ilimpa franka 450. Jirani yake aliyenunua hisa moja moja alipewa 90.000. Mnajua wenyewe maneno yaliyofuata. Kuna waliosema katibu amekula. Kuna aliyetaka sanduku lifunguliwe siku ile ile mbele ya chifu.

Niliitwa kwa sababu nilisomea mambo hayo. Nilianza na kitabu cha mama, siyo na kompyuta. Mihuri ilikuwa 180. Mara 2.500, ni 450.000. Kwa hiyo pesa ilipokelewa na ilihesabiwa. Kilichoharibika ni maandishi.

Makatibu watatu waligawana wanachama. Mmoja aliandika 2500 bila kitu katikati. Wa pili aliandika 12.500 na nukta, kama tulivyofundishwa shuleni. Wa tatu aliacha nafasi, 12 500. Na kijana aliyetengeneza programu aliweka safu ya pesa kuwa safu ya maandishi, siyo ya namba, labda ili isimkatalie mtu yeyote. Kwa hifadhidata, kila safu ina aina yake: namba, maandishi, tarehe. Programu ile ilitumia MySQL, na MySQL ukiiambia ijumlishe maandishi, inayageuza kuwa namba yenyewe bila kukuuliza. Kwake nukta siyo ya maelfu, ni mwanzo wa sehemu ndogo. 12.500 ikawa kumi na mbili na nusu. Mara wiki 36, ni 450. Ile ya nafasi ilisomwa 12, halafu ikaishia hapo.

Dalili ilikuwepo tangu zamani, ila hakuna aliyeitambua. Walipopanga akiba za wiki kutoka kubwa mpaka ndogo, 7500 ilikuja juu, halafu 5000, halafu 2500, ndipo 12500 na 10000 chini kabisa. Hivyo ndivyo maandishi yanavyopangwa, herufi ya kwanza kwanza, kama majina kwenye orodha ya shule. Mkiona 9 imekaa juu ya 10, simameni hapo hapo.

Tukahamisha kila kitu kwenye hifadhidata nyingine, PostgreSQL. Hiyo ilianza kukataa. Ukiiomba ijumlishe safu ya maandishi, inajibu kwamba hesabu hiyo haipo. Ukilinganisha namba ya mwanachama iliyo namba na ile iliyo maandishi, inajibu kwamba alama ya sawasawa kati ya aina hizo mbili haipo. Wamama wakasema programu mpya ni mbovu, ya zamani ilikuwa inajibu kila kitu. Mimi nasema hiyo ya zamani ndiyo iliyotaka kuwagombanisha. Hata PostgreSQL zamani ilikuwa inageuza namba kuwa maandishi kimya kimya. Ilipunguza tabia hiyo kwenye toleo la 8.3, mwaka 2008, na watu wengi walilalamika programu zao zimevunjika. Mara nyingi kosa lilikuwa ndani toka mwanzo, limefichwa.

Kuna kosa lingine linalosumbua zaidi. Ukiandika '5' + '5' ndani ya alama za maandishi, PostgreSQL inasema haiwezi kuchagua. Alama ya kujumlisha ni moja, lakini kazi zake ni nyingi: namba na namba, tarehe na siku, saa na dakika. Haijui unataka ipi. Sisi tunalijua jambo hili. Mkiitwa mkutano wa saa tatu, mama anayehesabu kwa Kiswahili anafika asubuhi, na yule anayehesabu kwa Kifaransa anakuuliza kama ni saa tisa za usiku. Dawa ni kusema wazi: hii ni namba, hii ni tarehe.

Lakini angalieni mnageuza upande gani. Kwenye orodha ya wanachama kulikuwa na 7, na kwenye orodha ya malipo 007. Ukigeuza 007 kuwa namba, unapata 7 na mama anaonekana. Ukigeuza 7 kuwa maandishi, unapata "7", ambayo siyo "007". Kosa linanyamaza, orodha inatoka safi, na mama hayumo. Tulijaribu pande zote mbili: upande mmoja ulitoa wamama 28, mwingine 25. Kwa hiyo kila mara hesabuni vichwa kwanza, ndipo pesa.

Namba ya simu tuliiacha kuwa maandishi. Hakuna anayejumlisha simu mbili, na ukiifanya namba, sifuri ya mbele inapotea. Ukianza na 243, haiingii hata kwenye namba ya kawaida ya hifadhidata, maana hiyo inaishia 2.147.483.647.

Faida ya mikopo nayo ilitoka sifuri kwa wote. PostgreSQL ikigawanya namba nzima kwa namba nzima, inatupa mabaki, kwa hiyo 5 kugawanya kwa 100 ni 0, na sifuri mara mkopo wa 60.000 ni sifuri. Anza na 60.000 mara 5, ndipo ugawanye kwa 100, unapata 3.000. Bila hiyo kikundi kingegawana akiba tu, bila jasho la mwaka mzima.

Tulitoa nukta na nafasi zote, tukageuza safu yenyewe kuwa namba mara moja tu, halafu tukalinganisha mwanachama mmoja mmoja na mihuri yake. Mama wa samaki alipata 450.000 zake kwenye karatasi, na katibu alishikwa mkono na wale wale waliomsema.

Imebaki mistari ambayo sikuruhusu mtu aiguse. Wamama watatu walilipa wiki kadhaa kwa dola, na imeandikwa 4.50 ndani ya safu ile ile ya franka. Ukitoa nukta, inakuwa 450. Hapo hakuna kugeuza aina kutakakosaidia, lazima tujue kiwango cha kubadilisha cha siku ile. Jumamosi tunakaa na makatibu watatu na kaye zao, mstari kwa mstari.