Mkwiro wa Mkole

Babu hapokei tena simu, na ukimwita lazima umguse bega. Kuchagua mkwiro wa ngoma yake, hata hivyo, hajamwachia mtu.

Handeni asiyepiga ngoma hudhani mpingo ndio bora, kwa kuwa ni mgumu, na mzito hadi unazama majini. Ulaya wanatengenezea klarineti. Kwa mkwiro uzito huo ni balaa: kifundo cha mkono huchoka kabla ya usiku wa manane, na mpigaji akipandwa na mori huchana ngozi. Ngozi siku hizi ni fedha. Kutoka Korogwe nilimletea vipande vya mtiki, masalia ya seremala. Akasema vinalia kama mtu anayebisha hodi.

Yeye hurudi kwenye mkole. Fito zake zimenyooka, hupinda bila kuvunjika, na zikigonga ngozi hunyanyuka zenyewe. Huzikausha kivulini, maana jua huzipasua.

Mwezi uliopita nilimpelekea sita. Aliuma mwisho wa kila kijiti kwa meno yaliyobaki, akaniashiria nigonge ncha ya pili kwa ukucha. Mlio ulimfikia kupitia mfupa wa taya. Vinne alivitupa. Cha tano alikikubali kabla sijagonga mara ya tatu.

Cha sita nikakiuma mwenyewe upande wa pili, nikamwuliza kama ananisikia.

"Sema polepole, mjukuu wangu," akajibu, kijiti bado mdomoni.